Amri kwa Maandishi na Amri kwa Picha

Kila kompyuta, iwe kubwa ya kujaza chumba au ndogo ya kutiwa mfukoni, huwa na programu maalumu inayozisimamia programu nyingine zote. Programu hiyo huitwa mfumo wa uendeshaji. Ndiyo inayogawa kumbukumbu ya mtambo, inayohifadhi mafaili katika diski, na inayoamua kazi ipi itangulie na ipi ingoje. Hata hivyo mfumo huo, pamoja na uwezo wake wote, hauna kazi ya kufanya mpaka mtu aueleze anachotaka. Mahali ambapo mtu na mtambo hukutana ili kuelezana hivyo, wataalamu hupaita kiolesura.

Zipo njia kuu mbili za kukutana. Katika njia ya kwanza mtu huandika amri kwa herufi katika mstari mmoja, hubonyeza kitufe cha kuingiza, na kompyuta humjibu kwa maandishi. Hiyo huitwa njia ya mstari wa amri. Katika njia ya pili skrini huonyesha picha ndogo ndogo, madirisha na orodha za mambo yawezayo kufanywa, naye mtu huchagua kwa kuelekeza mshale wa kipanya au kwa kugusa kwa kidole. Wengi waliokulia katika njia hii ya pili hudhani kwamba ile ya kwanza ni masalio ya zamani tu, mfano wa chemli iliyosahauliwa ukutani katika nyumba yenye umeme. Dhana hiyo haipatani na mambo yalivyo. Kila njia humtwika mtu mzigo wa namna yake, na swali la nani abebe mzigo upi limewahi kuamua nani apate kazi na nani aikose.

Mazungumzo juu ya karatasi

Kabla ya miaka ya 1960 watu wengi waliohitaji huduma ya kompyuta hawakuigusa kompyuta yenyewe. Mtu aliandaa maagizo yake katika kadi zilizotobolewa matundu, akazikabidhi kwa wahudumu wa chumba cha mtambo, kisha akarudi baada ya saa kadhaa, au kesho yake, kuchukua majibu. Kosa la herufi moja liliweza kumpotezea siku nzima. Mnamo Novemba 1961 wataalamu wa MIT, chuo maarufu cha teknolojia katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wakiongozwa na Fernando Corbató, walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Mfumo huo uliwawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa mbele ya mashine yake ya taipu iliyounganishwa na mtambo. Kompyuta iliwahudumia kwa zamu fupi mno, hata kila mmoja akajiona kana kwamba mtambo wote ni wake.

Mashine hizo za taipu hazikuwa na skrini. Teletype Model 33, mojawapo ya zile zilizoenea sana baada ya kutolewa mwaka 1963, ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde, tena juu ya karatasi. Kwa chombo cha namna hiyo mazungumzo hayakuweza kuwa ya namna nyingine ila ya mstari kwa mstari: mtu anaandika mstari wake, mtambo unaandika wake, na karatasi inazidi kusogea juu. Mstari wa amri, basi, ni mtoto wa mashine ya taipu.

Mfaransa Louis Pouzin, aliyekuwa akifanya kazi MIT miaka hiyo, alitambua jambo lililoonekana dogo lakini lenye matokeo makubwa. Alitunga programu iliyoitwa RUNCOM, ambayo ilimwezesha mtu kuandika amri kadhaa katika faili, kisha kuzitekeleza zote mfululizo kwa kulitaja jina la faili hilo. Kwa maneno mengine, amri iliyoandikwa haikupotea baada ya kutekelezwa. Iliweza kuwekwa akiba na kutumika tena. Pouzin ndiye pia aliyeipa programu inayopokea amri jina lake la Kiingereza lenye maana ya ganda, nalo linatumika hadi leo.

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, wa maabara ya Bell huko Murray Hill, New Jersey, walianza kutengeneza mfumo wa Unix. Amri zake zilipewa majina mafupi ajabu: ls kuorodhesha mafaili, cp kunakili, mv kuhamisha, rm kufuta. Ufupi huo humchosha mgeni, lakini haukuwa ubahili wa bure. Vitufe vya Teletype vilikuwa vizito kwa vidole na uchapaji wake ulikuwa wa polepole, kwa hiyo kila herufi iliyopunguzwa ilikuwa nafuu kwa mwandishi. Mashine zile zimekwisha kuwa vitu vya makumbusho, majina yamebaki.

Bomba la maneno

Ubora wa njia ya maandishi huonekana vizuri zaidi katika kitu kinachoitwa bomba. Mwaka 1964 Doug McIlroy, naye wa maabara ya Bell, alipendekeza kwamba programu ziweze kuunganishwa moja baada ya nyingine kama vipande vya mpira wa kumwagilia bustani, ili kinachotoka katika ya kwanza kiingie moja kwa moja katika ya pili. Mwaka 1973 Thompson alilitia wazo hilo katika Unix.

Chukuliwe mfano wa kituo cha kupimia mvua chenye kumbukumbu za miaka 30, zilizohifadhiwa katika mafaili 360, faili moja kwa kila mwezi. Katika kila faili mstari mmoja ni siku moja: kwanza tarehe, kisha kiasi cha mvua kwa milimita. Mtafiti anataka kujua ni siku ngapi katika miaka yote hiyo zilizopata mvua ya kuzidi milimita 50. Ataandika hivi:

cat mvua* | awk '$2 > 50' | wc -l

Sehemu ya kwanza huyamimina mafaili yote ambayo majina yake huanza kwa neno "mvua". Ile nyota humaanisha "na lolote linalofuata". Kijiti kilichosimama ndilo bomba. Sehemu ya pili huchuja: huiacha ipite ile mistari tu ambayo safu yake ya pili inazidi 50. Sehemu ya tatu huhesabu mistari iliyopita. Jibu ni namba moja, nalo hutoka kabla mtafiti hajaondoa mkono kwenye kibodi. Hakuna hata programu moja kati ya hizo tatu iliyotungwa kwa ajili ya mvua. Zingeweza vilevile kuhesabu wagonjwa wa zahanati au magunia ya korosho ghalani.

Na ajaribu sasa kuifanya kazi hiyohiyo kwa kipanya, kwa kufungua faili moja moja, kusoma, kuhesabu na kufunga. Hata kama kila faili litamchukua nusu dakika tu, mafaili 360 yatamla saa tatu, na uchovu wa macho utamfanya akosee hesabu. Zipo programu za picha ziwezazo kumpunguzia kazi hiyo, lakini kila moja hufanya lile tu ambalo mtunzi wake alilikumbuka. Tena kuna jambo jingine ambalo kwa mwanasayansi ni kubwa kuliko kasi. Mstari ule wa amri unaweza kuandikwa katika ripoti. Mtafiti mwingine, popote alipo, ataunakili, atautekeleza juu ya mafaili yaleyale, na ataona kama namba ni ileile. Mibofyo ya kipanya haiachi nyayo za namna hiyo. Aliyebofya mara mia mbili hana njia rahisi ya kumthibitishia mwenzake kwamba hakuruka hata mara moja.

Nafasi moja iliyozidi

Haifai, hata hivyo, kuisifu njia ya maandishi bila kutaja ukali wake. Skrini tupu yenye alama inayopepesa haimwambii mgeni lolote. Haisemi amri zipo ngapi, wala zinaitwaje, wala aanzie wapi. Anayejua huendelea, asiyejua hubaki akitazama.

Tena mtambo hutii herufi, hautii nia. Katika Unix na jamii yake, mtu akiandika rm *.bak hufuta mafaili yote yanayoishia kwa .bak, ambayo kwa kawaida ni nakala kuukuu. Akiteleza kidole na kuweka nafasi moja, ikawa rm * .bak, mtambo huelewa kwamba ameagiza mambo mawili: kwanza futa kila faili lililopo hapa, kisha futa lile linaloitwa .bak. Nao hufanya hivyo papo hapo, mara nyingi bila kuuliza.

Mwaka 1998 kampuni ya filamu ya Pixar, huko California, ilipata kuionja hatari hii. Filamu ya katuni Toy Story 2 ilikuwa ikitengenezwa, na kazi yote ilikuwa katika mafaili ya kompyuta. Mtu mmoja aliiandika amri ya kufuta mahali pasipo pake, na wafanyakazi wakaona sehemu za filamu zikitoweka mbele ya macho yao. Walipoziendea nakala za akiba, ziligundulika kuwa na kasoro. Filamu iliokolewa kwa sababu mmoja wa wasimamizi wa ufundi, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua, alikuwa na nakala katika kompyuta yake huko. Ilichukuliwa kwa gari, kwa uangalifu uleule ambao angechukuliwa mgonjwa mahututi.

Meza juu ya skrini

Njia ya picha ilianza kama jaribio la kumwondolea mtu mzigo wa kukumbuka. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha watu wapatao 1,000 mfumo wake uliotumia skrini na kifaa kidogo cha kusukumwa mezani. Kifaa hicho kilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1964 na mwenzake Bill English, kikiwa kipande cha mti chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Kwa kuwa waya wake ulifanana na mkia, kiliitwa kipanya.

Kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto kililiendeleza wazo hilo. Kompyuta yake ya Alto, ya mwaka 1973, ilikuwa na skrini ambayo kila nukta yake iliweza kuwashwa au kuzimwa peke yake, kwa hiyo iliweza kuchora chochote: herufi za maumbo mbalimbali, mistari, picha. Mwaka 1981 Xerox ilianza kuuza kompyuta iliyoitwa Star, ambayo skrini yake ilifananishwa na meza ya ofisini, yenye picha za karatasi, makabati ya mafaili na vikapu vya barua. Bei yake ilizidi dola 16,000 za Marekani, na walioinunua walikuwa wachache. Kampuni ya Apple, ambayo viongozi wake walikwisha kuitembelea Palo Alto mwaka 1979, ilitoa Lisa mwaka 1983 kwa dola 9,995, kisha Macintosh mwezi Januari 1984 kwa dola 2,495. Ndiyo iliyoipeleka njia ya picha kwa watu wa kawaida.

Chini ya picha hizo kuna hesabu tu. Kipanya hupima mwendo wa mkono na kuupeleka kama namba mbili, moja ya upande na moja ya juu na chini. Mfumo huzijumlisha na kujua mshale uko nukta ya ngapi. Kitufe kinapobonyezwa, mfumo hutazama nukta hiyo imo ndani ya mstatili upi, na huiarifu programu yenye mstatili huo. Kwa hiyo programu haiulizi tena swali moja ikangoja jibu moja. Hukaa macho, tayari kwa tukio lolote kutoka upande wowote. Kwa mtumiaji huu ni uhuru. Kwa mtunzi wa programu ni kazi nzito, maana hajui mgeni wake ataingia kwa mlango gani.

Wanasaikolojia walisaidia sana hapa. Paul Fitts wa Marekani alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa mkono kukifikia kitu hutegemea umbali wa kitu hicho na upana wake. Mwaka 1978 Stuart Card, Bill English na Betty Burr walichapisha majaribio yaliyolinganisha kipanya na vifaa vingine vya kuelekezea, nacho kikaonekana kuwa ndicho chepesi kuliko vyote, karibu na mpaka wa uwezo wa mkono wenyewe. Kanuni hiyo ya Fitts ndiyo inayoeleza manufaa ya kuweka orodha za Macintosh ukingoni kabisa mwa skrini: mshale hauwezi kupita ukingo, kwa hiyo hata mkono wa haraka haukosi shabaha.

Faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba kutambua ni kwepesi kuliko kukumbuka. Mtu anaweza kushindwa kulitaja jina la mgeni aliyemwona mara moja, lakini akimwona njiani atamjua. Orodha ya skrini huyaweka mambo yote yawezekanayo mbele ya macho, na mtu huchagua. Aidha, faili lililotupwa katika kopo la taka hukaa humo likingoja, na aliyejuta anaweza kulitoa. Ndiyo maana mwanafunzi aliyekutana na kompyuta asubuhi huweza kuandika barua nayo jioni.

Gharama ilikuwepo, na ilipimika. Skrini ya Macintosh ya kwanza ilikuwa na nukta 512 kwa 342, yaani nukta 175,104. Kuzihifadhi tu kulitumia karibu sehemu moja ya sita ya kumbukumbu yote ya mashine ile. Lakini ipo gharama nyingine, ambayo haikuwaangukia wenye kununua kumbukumbu.

Wasioona

Katika miaka ya 1980 kompyuta nyingi za ofisini zilitumia mfumo wa DOS wa kampuni ya Microsoft, uliokuwa wa maandishi. Skrini yake ya kawaida ilikuwa na mistari 25, kila mmoja wenye nafasi 80 za herufi, jumla nafasi 2,000. Katika kumbukumbu ya mashine kila nafasi ilikuwa na namba ya herufi iliyomo. Hivyo programu ndogo iliweza kuzisoma namba hizo na kuzipeleka kwa kifaa cha kutoa sauti, au kwa kibao cha maandishi ya nukta nundu, na mtu asiyeona akajua yote yaliyokuwa katika skrini sawasawa na jirani yake mwenye macho. Jibu lake aliliandika kwa kibodi, kama jirani yule. Wako wasioona walioweza kuwa makarani, wahasibu na watunzi wa programu bila kusomewa na mtu.

Mmoja wao alikuwa Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki. Alipoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978, akasomea utunzi wa programu, na mwaka 1989 kampuni aliyoshiriki kuianzisha ikatoa programu ya kusoma skrini ya DOS, iliyoitwa JAWS.

Wakati huohuo njia ya picha ilikuwa inaenea. Windows 3.0 ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1990, ilipata wanunuzi wengi, na ofisi zikaanza kuhama. Kwa wasioona hilo lilikuwa tishio la kweli. Katika skrini ya picha herufi A si namba tena; ni nukta kadhaa zilizotiwa rangi nyeusi, hazitofautiani na nukta za picha ya kopo la taka. Programu ya kusoma iliyotazama katika kumbukumbu haikukuta maneno, ilikuta madoadoa. Kipanya nacho kilimtaka mtu aone mahali anapokwenda. Watu waliokwisha kuajiriwa walianza kuhofia kwamba siku ofisi itakapobadili mfumo, ndiyo siku watakayorudishwa nyumbani. Mwaka 1990 makala ya kitaalamu katika jarida la Marekani linalohusu wasioona ililitaja jambo hilo waziwazi kuwa ni janga.

Ufumbuzi ulipatikana kwa kurudi nyuma hatua moja. Kabla herufi haijawa nukta, programu huuagiza mfumo: andika neno hili, mahali hapa. Agizo hilo bado ni maandishi. Basi programu ya kusoma iliwekwa njiani, ikawa inayanasa maagizo hayo yanapopita na kutunza kando ramani yake yenyewe ya maneno na mahali yalipo. Ya kwanza kufanya hivyo kwa biashara ilikuwa outSPOKEN ya Macintosh, mwaka 1989. JAWS ya Windows ilifuata mwaka 1995, na mwaka 1997 Microsoft ilitoa utaratibu rasmi unaoziwezesha programu kujieleza zenyewe: hiki ni kitufe, jina lake ni hili, kimezimwa au kimewashwa. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, alianza kutengeneza NVDA, programu ya kusoma skrini itolewayo bila malipo.

Utaratibu huo hufanya kazi iwapo tu mtunzi wa programu amekumbuka kulipa kila kitu jina. Asipokumbuka, mtu asiyeona husikia sauti ikisema "kitufe", tena "kitufe", tena "kitufe", bila kujua kipi hutuma na kipi hufuta. Mstari wa amri hauwezi kuwa na kasoro hiyo, kwa kuwa ndani yake hakuna kitu kisicho na jina.

Kila mmoja humkopa mwenzake

Macintosh ya mwaka 1984 haikuwa na mstari wa amri hata kidogo. Watengenezaji wake waliamini kwamba enzi yake imekwisha. Mwaka 2001 Apple ilitoa mfumo mpya, Mac OS X, uliojengwa juu ya Unix, na ndani yake mlikuwa na dirisha la kuandikia amri. Microsoft nayo, baada ya miaka mingi ya kuisifu njia ya picha, ilitoa PowerShell mwaka 2006, kazi iliyoongozwa na Jeffrey Snover. Sababu yake ilikuwa nyepesi kueleweka: msimamizi mwenye kompyuta 500 hawezi kubofya mahali palepale mara 500. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilitoa hata Windows ya mitambo mikubwa ambayo madirisha yake yaliondolewa karibu yote.

Upande wa pili nao ulijongea. Unix ilipata mfumo wa madirisha uitwao X, uliotengenezwa MIT kuanzia mwaka 1984. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ilipata sura mbili za picha zinazojulikana sana: KDE, iliyoanzishwa mwaka 1996, na GNOME, iliyoanzishwa mwaka 1997. Leo mtu anaweza kuitumia Linux miaka mingi asiandike amri hata moja.

Njia ya maandishi imejikita hasa pale ambapo mtambo uko mbali. Picha moja ya skrini ya nukta 1,920 kwa 1,080, isipobanwa, huhitaji zaidi ya baiti milioni 6. Amri yenye herufi 20 huhitaji baiti 20 na ziada kidogo ya usafirishaji. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki alitunga utaratibu wa SSH, unaozificha amri zisisomwe na wadukuzi njiani, na kwa utaratibu huo wasimamizi huiendesha mitambo iliyo katika miji ambayo hawajapata kuiona. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux, na wanasayansi wanaozitumia huzipa kazi hasa kwa amri za maandishi.

Lugha ya amri na lugha ya mtu

Kwa msomaji wa Kiswahili ipo tofauti nyingine. Amri za Unix ni vifupisho vya Kiingereza, na hazitafsiriki kwa urahisi, kwa kuwa maelfu ya mafaili ya amri yaliyokwisha kuandikwa yangeacha kufanya kazi. Orodha na vitufe vya njia ya picha ni vibandiko tu. Kibandiko kikibadilishwa, mtambo wa ndani haujali. Kwa sababu hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza, mwaka 2004, kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili, bila kuitunga upya mashine iliyo chini yake.

Hata hivyo kiolesura cha maandishi kilichoenea sana Afrika Mashariki hakimo katika kompyuta za mezani. Kimo katika simu. Mtanzania apigaye *150*00# ili kutuma fedha kwa M-Pesa huletewa orodha ya maneno yenye namba, naye hujibu kwa namba: moja, kisha namba ya anayepokea, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Hakuna picha wala mshale. Kila ujumbe hauwezi kuzidi herufi 182, na simu iliyo hafifu kabisa, isiyo na intaneti, hutosha. Orodha ile imechukua wema wa kila upande: humwonyesha mtu yawezekanayo, kama ifanyavyo skrini ya picha, na husafiri kwa wepesi wa maandishi, kwa Kiswahili.

Aliyeizoea haisomi tena. Vidole vyake hutangulia macho, na zile namba zimekwisha kuwa kwake amri zinazokaa kichwani, sawasawa na ls na rm kwa watu wa Unix. Jambo hilo huonekana siku orodha inapopangwa upya: mgeni husoma polepole na kufika salama, na mzoefu hubonyeza haraka namba ya jana.